Namna ya kupanga falanksi ya Kigiriki kwenye kiwanja cha skuli

Kama una wanafunzi 64, kiwanja cha mpira, na mtu mmoja anayejua kupiga zumari, unaweza kufundisha vita vya Ugiriki ya kale kwa namna ambayo ubao peke yake hauwezi. Mimi nasomesha historia hapa Wete, na kila mwaka huwa miongoni mwa walimu wanaowafunza watoto halaiki ya sherehe za Mapinduzi. Wazo nililipata huko. Mtoto aliyekwisha kucheza halaiki pale uwanja wa Gombani anajua mambo mawili ambayo askari wa Sparta aliyajua: kuutazama mstari kwa pembe ya jicho bila kugeuza shingo, na kubaki mahali pake hata kama aliye mbele yake amekosea.

Falanksi ni askari wa miguu waliopangwa safu nyuma ya safu, bega kwa bega, kila mmoja na ngao kubwa ya duara na mkuki. Askari huyo aliitwa hopliti. Miji ya Kigiriki ilipigana hivyo kwa karne nyingi, na kila mji ukaitia falanksi mkono wake. Njia ninayoitumia ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja: mwendo, au kina cha safu, au urefu wa mkuki, mengine yote yakibaki yalivyo. Watoto wanaona wenyewe kilichotokea, kisha ndipo ninapowatajia mji, mwaka na jemadari.

Ngao kwanza

Usianze na mikuki. Watataka mikuki, wanyime mpaka ngao zote ziwe tayari. Ngao ya hopliti ilikuwa ya mbao, upana wake kama sentimita 90, mara nyingi ikivikwa bamba jembamba la shaba kwa nje. Uzito wake ulifika kilo 6 hadi 8.

Sisi tunatumia maboksi ya mafriji. Wenye maduka wanayatupa, ukiwahi kuwaomba wanakuwekea. Gonga msumari katikati ya kipande cha boksi, funga uzi wenye urefu wa dhiraa moja, yaani kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, halafu zungusha penseli. Dhiraa ni kama sentimita 45, kwa hivyo duara linatoka na upana unaotakiwa. Gandisha vipande viwili kwa gundi ya unga wa ngano, mifereji ya kimoja ikiwa imelala na ya chengine imesimama, uanike juani.

Sasa mshiko, na hapa usikubali mkato. Katikati ya ngao funga ukanda mpana wa tyubu ya tairi. Mkono wa kushoto unapita humo mpaka karibu na kiwiko. Ukingoni, upande wa kulia, funga kitanzi cha kamba kinachoshikwa kwa kiganja. Ukiweka mshiko mmoja tu wa katikati umetengeneza ngao nyengine kabisa na zoezi lote litaharibika. Kwa mshiko wa Kigiriki kiwiko kinakuwa katikati ya ngao, na nusu yake inatokeza nje, kushoto kwa anayeishika. Nusu hiyo haimkingi yeye. Inamkinga jirani yake wa kushoto, kwenye ubavu wa kulia, upande wa mkono wa mkuki.

Msimamishe mtoto mmoja peke yake na ngao. Waulize wenziwe wangempiga wapi. Wote wataonesha ubavu wake wa kulia. Msimamishe wa pili kulia kwake, ngao zikutane. Ubavu umefungwa, na aliyeufunga si mwenyewe. Waache wakae na jambo hilo kidogo kabla hujaendelea, kwa sababu karibu kila kilichotokea katika vita hivi kinatokana nalo.

Siku moja kijana wa Kidato cha Pili aliinua mkono: "Mwalimu, na sie tunaotumia kushoto?" Nikamwambia ashike ngao kwa mkono wa kulia, aingie safuni. Upande mmoja ngao yake ikagongana na ya jirani, upande wa pili ikabaki nafasi ya kupita mbuzi. Sijasema neno, wenziwe walishamkemea: "Badilisha bwana, utatuulia watu!"

Boksi ni jepesi, kwa hivyo kabla ya zoezi la kwanza kila mtoto aubebe mfuko wa mchanga wa kilo 7 juu ya mkono uliokunjwa, asimame hivyo kwa muda wa kuimba wimbo wa skuli kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hatakuuliza tena kwa nini aliyekimbia vitani kitu cha kwanza alichotupa kilikuwa ngao.

Mikuki ni fito zilizonyooka za urefu wa mita 2 na nusu hivi, ncha zote mbili zimefungwa makumbi ya nazi na matambara juu yake. Mkuki wenyewe ulikuwa na chuma mbele na ncha ya shaba nyuma. Ya nyuma ilifaa kuusimamisha ardhini, na kupigania pale mti ulipovunjika. Kwetu hakuna chuma mbele wala nyuma. Mwanafunzi anayeinua ufito juu ya bega bila amri anatoka nje ya zoezi siku nzima. Wasichana wapige fundo la shungi nyuma, wavae suruali za michezo ndani ya sketi, maana kuna kukimbia.

Wakati watoto wanakata maboksi ndio wakati mzuri wa kuwaeleza nani aliyelipia. Katika miji mingi hopliti alijinunulia ngao, mkuki, kofia ya shaba na deraya kwa fedha zake. Kwa hivyo falanksi ilikuwa ni wakulima wenye uwezo kidogo, watu wenye shamba la kulipigania. Athens masikini walipiga makasia kwenye merikebu za vita, na matajiri wakubwa walipanda farasi. Sparta ilikuwa na mpango wake: raia hawakulima kabisa. Mashamba yao yalilimwa na maheloti, watu waliotiwa utumwani na dola, na raia mwenyewe alichukuliwa na dola kwa malezi ya kijeshi tangu umri wa miaka 7.

Kuwapanga

Tutumie maneno mawili bila kuyachanganya. Safu ni waliosimama bega kwa bega. Foleni ni waliosimama mmoja nyuma ya mwengine. Kina cha falanksi ni idadi ya safu. Kina kilichozoeleka kilikuwa 8, na ndiyo maana nataka wanafunzi 64: foleni 8 zenye watu 8.

Chora mistari ya chokaa. Waandishi wa mbinu za vita wa baadaye wametaja nafasi tatu kwa mtu mmoja: dhiraa 4 alipokuwa safarini, dhiraa 2 alipojiandaa kupigana, na dhiraa 1 ngao zilipobanana kabisa. Anza na 4 ili wapate pa kupumua, kisha wafunge mpaka 2. Ya dhiraa 1 ijaribuni mara moja tu wakiwa wamesimama, waone kwamba humo mtu hawezi kugeuka.

Nani asimame wapi? Xenophon, aliyepigana vita hivi mwenyewe, ameandika kwamba walio bora wawekwe mbele na nyuma, na walio dhaifu katikati, wavutwe na wa mbele na kusukumwa na wa nyuma. Mimi nafuata hivyo hivyo. Wa mwisho wa kila foleni nampa mwanafunzi mwenye sauti na asiyependa mzaha. Ndiye anayewazuia wengine wasirudi nyuma.

Amri ni zile zile za gwaride wanazozijua: mguu sawa, mbele tembea, simama. Kitu kimoja tu nabadilisha. Badala ya kushoto na kulia, nasema "upande wa ngao" na "upande wa mkuki", na Wagiriki nao waliamrisha hivyo. Baada ya muda mfupi watoto wanageuka haraka zaidi kuliko kwa "kulia geuka", kwa sababu hakuna haja ya kufikiri mkono wa kulia ni upi.

Zoezi la kupinda kulia

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na kama una muda wa moja tu, fanya hili.

Chora mstari wa chokaa kutoka goli moja mpaka la pili, katikati ya kiwanja. Panga falanksi ili mtu wa mwisho upande wa kulia awe juu ya mstari huo. Waamrishe watembee mpaka goli la pili. Wakitembea bila hofu, watafika wakiwa karibu na mstari, hasa hawa wa halaiki. Warudishe. Mara hii weka watoto wanne mbele yao na kapu la mipira ya matambara, uwape ruhusa ya kuwarushia. Watembee tena.

Utaona kikosi kizima kinaanza kuvutika upande wa mkuki. Hakuna aliyeamrisha. Kila mmoja anatafuta kujificha zaidi nyuma ya ngao ya jirani yake wa kulia, jirani anasogea kwa sababu hiyo hiyo, na wa mwisho kabisa, ambaye hana wa kumkinga, anauondoa ubavu wake mbele ya mipira kwa kwenda kulia. Mwambie mtoto mmoja apime kwa hatua kutoka kwenye mstari wa chokaa.

Thucydides, mwanahistoria wa Athens, ameyaeleza haya alipoandika juu ya vita vya Mantineia vya mwaka 418 K.K., baina ya Sparta upande mmoja na Argos, Mantineia na Athens upande wa pili. Anasema majeshi yote hufanya hivyo, na anayeanzisha ni mtu wa mwisho kulia. Matokeo yake ni kwamba kila jeshi lilitokeza kupita bawa la kushoto la adui, na mara nyingi kila upande ulishinda kulia kwake na kushindwa kushoto kwake. Ndiyo maana kulia kulikuwa mahali pa heshima, pakapewa askari bora.

Mantineia yenyewe inafaa kuchezwa. Mfalme Agis wa Sparta aliona bawa lake la kushoto litazungukwa. Akaliamrisha litanuke kushoto, na akawaamrisha makamanda wawili wa upande wa kulia waje waizibe nafasi iliyobaki. Majeshi yalikuwa yameshakaribiana. Makamanda wale hawakuja, na jeshi la Sparta likaingia vitani na pengo katikati. Wafanyie watoto wako hivyo hivyo: wakiwa hatua 20 kutoka kwa warusha mipira, piga kelele kuamrisha foleni mbili za kushoto zitanuke na mbili za kulia zihamie pengoni. Nakuhakikishia vurugu. Kisha wape habari kwamba Sparta walishinda siku hiyo pamoja na pengo lao, na wale makamanda wawili wakafukuzwa nchini. Waulize walishindaje. Jibu linakuja kwenye zoezi linalofuata.

Sparta: polepole na kwa zumari

Kwa Sparta utahitaji mpiga zumari. Wao walitumia filimbi za mwanzi zenye ulimi, zikipigwa mbili kwa pamoja, na zumari ndiyo chombo chetu kilicho karibu nayo zaidi. Mimi nina mzee mmoja wa mtaani ambaye hupiga kwenye maharusi. Alipowaona wamejipanga na maboksi yao akaniuliza, "Mwalimu, hawa wanakwenda harusini au vitani?" Nikamjibu, "Vitani, babu, lakini polepole." Akafikiri, akawapigia mwendo mzito ambao sikuwahi kumsikia nao.

Thucydides anasema siku ya Mantineia watu wa Argos na wenzao walikwenda kwa pupa na ghadhabu, na Sparta wakaenda taratibu wakifuata wapiga filimbi wengi waliosimama ndani ya jeshi. Anaongeza kwamba filimbi hizo hazikuwa za ibada. Zilikuwa za kuwafanya watembee sawa, safu isikatike, jambo linaloyapata majeshi makubwa yanapokaribia adui. Rudia zoezi la mipira kwa zumari, kisha upime tena kwa hatua. Kupinda kutakuwepo, lakini safu itafika nzima.

Jambo la pili la Sparta ni mgawanyo. Kikundi chao cha chini kabisa, enomotia, siku ile kilikuwa na watu wanne mbele na kina cha wanane, yaani 32. Wanafunzi wako 64 basi ni enomotia mbili kamili. Kila moja iwe na kiongozi wake, asimame mbele upande wa mkuki. Amri isitoke kwako kwenda kwa watoto. Itoke kwako kwenda kwa viongozi wawili, wao ndio wawaambie watu wao. Jeshi la Sparta lilikuwa na ngazi kutoka kwa mfalme mpaka kwa kiongozi wa enomotia, na Thucydides anashangaa kwamba karibu jeshi zima lilikuwa makamanda juu ya makamanda.

Sasa watembeze kwa msafara: enomotia ya kwanza mbele, ya pili nyuma yake, kwa hivyo upana ni watu 4 na urefu ni watu 16. Adui ametokea mbele. Unasema "upande wa ngao, panga!" Enomotia ya kwanza inasimama. Ya pili inatoka kushoto nafasi nne, inapanda mpaka safu yake ya mbele ikutane na ya kwanza. Una falanksi ya 8 kwa 8, viongozi wote wawili wako mbele. Xenophon anasema mambo haya, ambayo wengine waliyaona magumu mno, Sparta waliyafanya kwa wepesi. Watoto wa halaiki huyapata katika asubuhi moja. Waliobaki watachukua zaidi, wala usiwakaripie. Hata miji mingine ya Ugiriki iliyaona magumu.

Athens

Athens haikuwa na mazoezi ya namna hiyo kwa muda mrefu. Raia waliitwa kwa makabila yao kumi, na majemadari kumi walichaguliwa kila mwaka. Ni katika karne ya 4 K.K. tu ndipo tunapoona vijana wa miaka 18 wakiwekwa mafunzoni kwa miaka miwili na kupewa ngao na mkuki na dola. Lakini ushindi wao mkubwa ni wa kabla ya hapo, Marathon, mwaka 490 K.K., dhidi ya Waajemi.

Kwa Marathon panga hivi: foleni 3 za watu 8 kushoto, foleni 3 za watu 8 kulia, na katikati foleni 4 za watu 4 tu. Ni wale wale 64, ila upana sasa ni 10. Waathene walihitaji mstari wao ulingane kwa urefu na wa Waajemi, wakapunguza kina cha katikati. Darasa jengine liwe Waajemi. Katikati irudi nyuma, mabawa yashinde, kisha yasiwafuate wanaokimbia bali yageukie ndani. Mwanahistoria Herodotus anatoa idadi ya waliokufa: Waathene 192, Waajemi 6,400. Anasema pia kwamba Waathene walikwenda mbio kwa stadia 8, karibu kilomita moja na nusu. Mpe yeyote anayeamini hivyo mfuko wako wa mchanga, akimbie nao urefu wa kiwanja, halafu muulize tena. Mimi naona walitembea sehemu kubwa, wakakimbia walipofika kwenye masafa ya mishale.

Kuna amri moja ya jemadari wa Athens ambayo naitumia kuwatuliza watoto zoezi likiwapanda kichwani. Mwaka 378 K.K. Mfalme Agesilaus wa Sparta alikuwa anapanda na jeshi lake kuelekea kilimani. Chabrias aliwaambia askari wake waegemeze ngao magotini, wasimamishe mikuki, wasimame kwa dharau wakimtazama. Agesilaus alipoona utulivu ule hakushambulia. Nami nikisema "Chabrias!" wote 64 wanaegemeza ngao magotini na kunyamaza kimya.

Watoto sita wenye mbio

Kabla hujaenda Thebes, wavunje kiburi. Chagua watoto sita wepesi, bila ngao, na kapu la mipira. Warushe, wakimbie, warudi. Falanksi iwafukuze. Haitawakamata, na kila ikijaribu inafumuka, na aliyetoka peke yake anapigwa kutoka kulia. Hivyo ndivyo Sparta ilivyopoteza kisiwani Sphacteria mwaka 425 K.K., ambako watu wao 292 walitekwa wakiwa hai, 120 hivi wakiwa raia kamili wa Sparta. Ugiriki nzima ilistaajabu. Karibu na Korintho, mwaka 390 K.K., Iphicrates wa Athens alikitumia kikosi cha warusha mikuki midogo dhidi ya kikosi cha mahopliti 600 wa Sparta, akaua kama 250.

Thebes: kina cha 50

Watu wa Thebes walipenda kina. Delium, mwaka 424 K.K., walisimama kwa kina cha 25 mbele ya Waathene waliosimama kwa 8, wakawashinda. Leuctra, mwaka 371 K.K., Epaminondas aliwapanga kwa kina cha 50, na akafanya jambo ambalo watoto wako, baada ya zoezi la kupinda kulia, wana haki ya kulielewa wenyewe. Waulize: kama kila mji unaweka watu wake bora kulia, hao bora wanakutana na nani? Wanakutana na walio hafifu wa mwenzao. Epaminondas aliweka bora wake kushoto, uso kwa uso na mfalme wa Sparta.

Panga foleni 4 za watu 12 upande wa ngao. Hao ni 48. Wale 16 waliobaki wawe foleni 4 za watu 4, wabaki nyuma kidogo kwa mshazari, wazidi kuwa nyuma kadiri unavyokwenda kulia. Amri yao ni kutembea polepole kuliko wenzao. Bawa la kushoto litafika kwa adui wao wakiwa bado njiani. Sparta siku hiyo walisimama kwa kina cha 12. Mbele ya bawa la Thebes walikuwepo Kikosi Kitakatifu, watu 300 waliochaguliwa, chini ya Pelopidas. Mfalme Cleombrotus aliuawa, na katika raia 700 wa Sparta waliokuwepo, 400 wakafa.

Usiwaruhusu watoto wasukumane. Kuna wataalamu wanaosema safu za nyuma zilisukuma kwa ngao migongoni mwa wa mbele, na wengine wanasema kusukuma ni usemi tu. Mimi nimeona safu tatu za watoto zikimbana wa mbele, nikasimamisha mara moja: aliye mbele hakuweza kuuinua mkono wa mkuki. Siamini kwamba watu 50 walibanana hivyo kwa muda mrefu. Naona kina kilifaa zaidi kwa kuwa wa mbele hakuweza kukimbia, na wa upande wa pili akaona vichwa visivyokwisha.

Hapo ndipo pa kuzungumzia dola. Kwa nini vita kimoja kiliimaliza Sparta? Raia wenye haki kamili walikuwa wameshapungua sana, na 400 hawakuweza kurudishwa. Mwanafalsafa Aristotle ameandika kwamba mji ule haukuhimili pigo moja, ukaangamia kwa uchache wa watu. Majira ya baridi ya mwaka 370/369 K.K. Epaminondas aliingia na jeshi nchini mwa Sparta, na Messenia, walikolima maheloti wengi, ikawa huru. Bila maheloti hao, raia wengi wasiolima walikosa wa kuwalimia.

Makedonia: pondo

Philip alikaa Thebes akiwa kijana, mateka, na alipokuwa mfalme wa Makedonia mwaka 359 K.K. aliunda falanksi yake. Mkuki wake, sarisa, ulishikwa kwa mikono miwili, kwa hivyo ngao ikawa ndogo, kama sentimita 60, ikining'inizwa kwa mkanda. Hapa weka maboksi kando, tumia nyungo. Mikuki ni pondo za mashua, na washike vijana wakubwa tu.

Kabla ya pondo, tumia kamba. Kata kamba tano za dhiraa 14, urefu wa sarisa anaoutaja mwanahistoria Polybius. Dhiraa 4 zinabaki nyuma ya mikono kwa ajili ya mizani, 10 zinatoka mbele. Kila safu iko dhiraa 2 nyuma ya iliyotangulia. Zitandazeni chini, mtoto akokotoe: ncha ya safu ya kwanza iko dhiraa 10 mbele ya askari wa mbele, ya pili 8, ya tatu 6, ya nne 4, ya tano 2. Ncha tano mbele ya kila mtu mmoja. Wa safu ya sita na kuendelea waliziinua sarisa zao kwa mshazari juu ya wenzao kupunguza nguvu za mishale.

Kwa pondo toa amri moja: "nyuma geuka", zikiwa zimelala. Hawataweza. Lazima kwanza zisimame wima, wageuke, zilale tena. Kisha wapeleke nje ya kiwanja, nyuma ya goli, penye mizizi ya mwembe. Safu itapasuka. Pasueni kwa makusudi: watoto watatu wenye vijiti vifupi waingie kwenye mwanya, na mwenye pondo hana la kuwafanya. Falanksi hii iliwashinda Athens na Thebes pamoja huko Chaeronea mwaka 338 K.K., ikamfikisha mwanawe Philip, Alexander, mpaka Gaugamela alikowashinda Waajemi mwaka 331 K.K., na Waroma wakaivunja kwa njia hizo hizo mbili. Cynoscephalae, mwaka 197 K.K., afisa mmoja wa Kiroma alichukua vikosi vidogo 20 akaipiga kwa nyuma. Pydna, mwaka 168 K.K., ardhi yenye mabonde ilifungua mianya, Waroma wakaingia na panga.

Pondo ni za watu, na maji yakijaa zinahitajika, kwa hivyo zoezi la Makedonia lifanyike asubuhi ya maji kupwa na zirudishwe kabla ya adhuhuri. Fito zifungwe kumi kumi. Ngao ziwekwe juu ya meza, mbali na sakafu, kwa sababu ya mchwa. Mwaka unaofuata utabadilisha mikanda ya tyubu tu.